Mwenye Kunong'ona

Jina langu halimo kwenye bango.
Mimi hukaa nyuma ya pazia la kushoto, juu ya kreti ya soda,
tochi mdomoni, daftari magotini,
nikiwalisha wasahaulifu maneno.

Pazia lenyewe ni mashuka manane.
Truphosa aliyaunga Jumapili moja baada ya ibada
kwa sindano ya kushonea magunia.
Moja bado lina mhuri wa hospitali
na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kiingilio mia mbili, watoto hamsini,
mwenye kuku alipokewa na kuku wake.
Tunachangia mashine ya watoto njiti,
wale wanaofika kabla ya kuitwa,
wasiotimia kilo ya sukari.
Wodini wamelazwa watatu penye joto la mmoja.

Ukumbi ni wa klabu ya kiwanda cha karatasi.
Kiwanda kilipozima, Webuye ilipona ile harufu,
kisha ikagundua kwamba harufu ile ndiyo iliyokuwa mshahara.
Daftari langu, kurasa sitini na mbili,
ni karatasi iliyotoka mbali.

Mfalme ni Mukhwana, muuza nyama.
Taji lake ni kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa meno,
joho la kwaya limemfupia, gambuti zachungulia.
Tangu Februari hajawahi kuushika ubeti wa pili.
Buchani anaukariri wote huku akipima matumbo;
akipanda jukwaani unayeyuka kama samli.
Tukapatana ishara: akigusa sikio, namrushia neno.
Usiku ule aligusa sikio mara kumi na moja
kabla ya mapumziko.

Sehemu ya pili.
Malkia, ambaye mchana ni muuguzi Nasambu,
akamwekea mikononi mwanamfalme:
soksi iliyoshindiliwa pamba.
Mwalimu Wafubwa akaanza kinanda,
vidole vikiruka vibao viwili vilivyokufa,
Simiyu akamfuata kwa litungu, taratibu.
Hapa Mfalme huimba bembelezo.
Hapa Mfalme hakuimba.

Nililitazama sikio. Mkono haukupanda.
Mikono yote miwili ilikuwa imeizunguka soksi ile
kama mtu anayekinga njiti ya kibiriti penye upepo.
Neno nilikuwa nalo. Jepesi, ni "lala" tu,
ulimi ulishaligusa.

Ndipo nikakumbuka Agosti ile,
bucha iliyofungwa siku nne,
kipande cha boksi mlangoni kisicho na maelezo,
na Nasambu akirudi kutoka zamu ya usiku
akitembea katikati ya barabara.

Nikazima tochi.

Kinanda kikazunguka mara moja, kikazunguka tena.
Nje pikipiki ikapita. Mtu wa safu ya nyuma akapiga chafya.
Mukhwana akabembea tu,
gambuti zikilia kwii, kwii juu ya mbao,
hadi malkia akauanza wimbo usio wake
kwa sauti ya wodini, ile isiyoamsha mtu.

Watu wakapiga makofi. Wakasema jamaa anajua kuigiza.

Pesa tulizihesabia juu ya meza ya biliadi.
Elfu sitini na moja, mia saba na arobaini,
na kuku wawili, mmoja wao alitaga katikati ya onyesho.
Mashine ni laki nne.
Truphosa, karani wa Sacco, akarudia kuhesabu
kana kwamba noti zingeona haya zikaongezeka.
Tukakubaliana: hita moja, blanketi, vipimajoto,
na Jumamosi turudie Bungoma.

Mukhwana alikuja kuvua taji.
"Mbona hukunirushia neno?"
Nikamwambia betri zilikwisha.
Akaitazama tochi. Akanitazama mimi.
Akaenda kutafuta viatu vyake.

Bungoma, nilipoifikia kreti yangu,
nilikuta kilo ya maini imefungwa gazetini
na juu yake, betri mbili mpya.