Neno la Sita

Mwalimu Zuwena aliandika ubaoni
maneno matano ya Kiingereza,
na kamusi ya shule, iliyotoka jalada,
ikayajibu yote kwa neno moja: kuruka.

"Sivyo," akasema Mkasi, binti Kombo.
"Chura wa kisimani kwetu hupiga chupu,
panzi hufyatuka,
mbuzi wa jirani akiona majani ya muhogo
huchupa ua wa makuti kama haupo.
Na mimi jana, dimbwini kule Limbani,
nilikiuka tu, sketi mkononi."

Mwalimu akaguna. Chaki ikasubiri.
Hapo mjusi kafiri akadondoka darini,
pa! juu ya daftari la mahudhurio,
na Mwalimu, kumbe miaka hamsini si kitu,
akakurupuka,
kubadhi moja ikabaki hewani peke yake
kabla ya kutua dawatini kwa Faki.

Hatukucheka. Tulingoja acheke yeye.
Akaishika chaki tena, pumzi juujuu,
akaongeza neno la sita, kwa Kiswahili.
"Hili," akasema, "mnitafutie Kiingereza chake."

Mtihani ulikuja ukapita,
Wete nimeihama.
Bado nalitafuta.