Pipa la Mapovu

Bugumba alifika saa nne na Fuso lake la dagaa
likitoa moshi mweupe. Yeye na gari,
sikujua nani amechemka zaidi.
"Kabula, rejeta inavuja! Ilehemu haraka, niwahi Shinyanga."
Nikamwambia, kaa. Chenye homa
hakipimwi kikiwa bado kinaweweseka.

Na hicho kifuniko usikiguse.
Mjomba Lugata, aliyenipa kazi hii
hapa hapa Mabatini, chini ya mawe yanayobebana,
alikuwa na mkono mmoja wa rangi mbili.
Alikifungua kwa pupa mwaka wake wa kwanza.
Maji yakibanwa hayachemki upesi,
huvumilia, huvumilia, yakapita hata pale
yalipopaswa kuruka. Sasa wewe uyafungulie mlango.
"Hii," alikuwa akisema, akiukunja mkono, "ndiyo leseni yangu."

Tukangoja. Kivuli cha jiwe kikatusogelea.
Unaweka maji gani?
"Ya ziwani. Nachota Igogo, ya bure."

Ya bure!
Bugumba, lile ziwa haliji peke yake,
huja na tope lake na kijani chake,
na ukilichemsha huacha magadi ukutani
kama birika la mama mkwe asiyeosha.
Mirija humu ndani ni bapa, membamba,
hata punje ya mchele haipiti imelala.
Ikiziba kumi, ishirini iliyobaki
inabeba injini nzima kwenye mlima.

Nikaingiza waya, ukatoka na rangi ya njano.
Nani ametia manjano humu?
Akatazama kando. "Kuna jamaa Misungwi
aliniambia inaziba matundu."
Inaziba, ndiyo. Inaziba na yasiyo matundu.
Umepika mchuzi, Bugumba, ukasahau samaki.

Kisha nikainama mbele, kwenye mapezi,
maana rejeta nayo ina mapezi, tena mengi kuliko sangara,
na kazi yake ni kuushika upepo unaopita
ili uchukue joto uende nalo.
Nilikuta nini? Vijidudu vya ziwani,
wale wanaosimama juu ya maji kama moto wa nyika,
wamekauka humo, tabaka juu ya tabaka,
blanketi jeusi kifuani pa mgonjwa wa joto.
Nikawatoa kwa brashi na maji ya taratibu,
kutoka nyuma kuja mbele, walikoingilia.
Yaliyolala nikayanyoosha kwa kitana,
pezi kwa pezi, kama nywele za bibi harusi.

Hii yako ni ya shaba, nikamwambia, ina bahati.
Za siku hizi ni alumini na vichwa vya plastiki;
zikipasuka unazifanyia maombolezo.
Chuma cha kulehemia cha mjomba
kinaning'inia pale msumarini, wiki ya tatu sasa.

Nikaziba midomo yake kwa mpira wa tairi la ndani,
nikaizamisha pipani, nikasukuma pampu ya baiskeli.
Bugumba akainama hadi kofia ikagusa maji.
Majini rejeta haijui kudanganya.
Tukasubiri povu.
Pampu. Tukasubiri.
Hakuna.

"Sasa maji yanakwenda wapi?"
Nikamwekea kifuniko kiganjani.
Mpira wake umekauka kama ganda la muhogo,
springi imechoka, haibani kitu.
Maji yanachemka kabla ya wakati wake,
yanatoka mlango wa juu huku wewe
unatafuta tundu sakafuni.

Alikuja na pesa ya kulehemu.
Nilichukua ya kusafisha, na ya kifuniko kipya.
Akanunua na dawa ya rejeta, ile ya kijani,
akinung'unika kwamba maji gani haya yanauzwa.

Saa kumi na moja akapiga simu kutoka Shinyanga.
Hakusalimia. "Mshale uko katikati," akasema, akakata.

Dumu lake la maji ya ziwa aliliacha mlangoni.
Nimelimimina pipani.
Kwa kuonyesha mapovu, yanafaa sana.