Dakika Kumi na Moja

Meza ya nne, klabu ya Gyumri, Februari.
Mabomba ya joto yanakohoa kuliko sisi.
Mimi Nshan, mwokaji, nimekalia kiti cha Hrachik
aliyeteguka mguu kwenye barafu. Timu ilitaka mtu,
nami ni mtu.

Mbele yangu Shoghakat, miaka kumi na miwili,
miguu yake haijafika sakafuni.
Amenizidi alama mia saba
na ana chungwa, analimenya kabla ya kengele:
ganda moja, refu, halikatiki.

Anacheza kama anayefunga vifungo vya koti lake.
Mimi kila kitunda nakisukuma kwa dua.
Saa yangu inakimbia, yake imelala.
Hatua ya kumi na tano, kitunda kimekwenda.
Ya kumi na tisa, farasi wangu amesimama pembeni
kama mkwe aliyefika kabla ya posa.

Ndipo nikaichukua ngome, nikaiweka peupe,
pasipo mlinzi.
Sababu sikuwa nayo, siwezi kuapa.

Akaliacha chungwa.
Ngumi mbili mashavuni.
Dakika moja. Tatu.
Theluji ikaporomoka paani, puu! Hakuinua jicho.
Kocha wake, Bi Vartuhi, akaja, akaondoka,
akarudi akiwa amevaa miwani.
Sita. Tisa.
Nami nikaanza kuutazama ubao kwa adabu,
kama mtu aliyeokota barua aliyoiandika usingizini.
Nimeficha nini humo?

Ya kumi na moja, akaila ngome.
Hatua nne baadaye shaha wangu
hakuwa na pa kukanyaga.
Tukapeana mikono. Wake ulinukia chungwa.

“Mbona ulifikiri sana?”
“Nilikuwa natafuta mtego,” akasema.
“Sikuamini mtu mzima angeitoa bure.”
Hakucheka. Hilo ndilo lililouma.
Kisha akanikatia pande la chungwa,
akapanga upya vipande vyote, kwa kichwa,
akanionyesha nilipoanza kufa: hatua ya sita,
wakati mimi nikijiona mzima wa afya.

Karatasi ya mchezo nimeibandika kando ya tanuri,
inajikunja kwa joto.
Kushindwa kwangu kote kumo, mstari kwa mstari,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu, 11.
Wateja wakiuliza,
nawaambia ni vijiko vya hamira.