Magunia ya Wepukhulu

Juma la kwanza nilisahau nukta-mkato.
Nikaandika amri nzima, nikabonyeza, nikangoja.
Kishale kikabaki kinapepesa
kama mnunuzi asiyetaka kutaja bei.
Nikazima mashine, nikaiwasha,
nikalaumu panya, nikalaumu umeme wa Budadiri.
Kutwa mbili.
Kumbe ilikuwa inaningoja mimi
nimalize sentensi.

Kabla ya hapo tulikuwa na madaftari kumi na moja
yanayonuka buni na mafuta ya taa.
Katibu wetu, Nagudi, akasema: ingiza yote.
Nikaingiza. Gidudu wa Buyobo,
Gidudu wa kule juu mtoni, Gidudu fundi baiskeli:
nikawafanya mtu mmoja, maana jina ni moja.
Siku ya malipo aliyewahi akabeba za watatu,
na wawili wakanijia mlangoni hawataki salamu.
Kwetu jina ni la babu, wajukuu hugawana.
Namba haigawanywi.
Nikampa kila mtu yake, hata mimi.

Kisha nikataka kujua nani kaleta nini.
Nikaweka wakulima kando ya mizigo
bila kusema wanashikana wapi.
Wakulima mia tatu, mizigo elfu mbili,
mashine ikatema mistari laki sita:
kila mkulima kaoa kila gunia.
Kwa dakika chache, kahawa ya Budadiri
ilitosha kuifilisi Brazili.
Nagudi alicheka hadi akavua miwani.

Hakucheka Aprili.
Woniala alikuwa kapimwa vibaya; nikasahihisha:
uzito uwe kilo arobaini na mbili.
Nikasahau lile neno dogo, *ambapo*.
Mlima mzima ukawa kilo arobaini na mbili,
wajane, matajiri, yule mwenye miche kumi,
wote sawa kama siku ya kiyama.
Nikarudi kwenye madaftari, usiku nne, tochi mdomoni.
Sasa naanza kwa *anza*,
nauliza kwanza ni mistari mingapi itakayoguswa,
nahesabu kwa kidole,
ndipo nathibitisha.
Maji yakimwagika hayazoleki, wasema.
Hapa huzoleka,
mradi hujathibitisha.

Namataka, je? Machi yake ilikuwa wazi.
Nilikaribia kuandika sifuri.
Lakini sifuri ni kusema alikuja,
akapandisha gunia, na mizani haikushuka.
Mwezi ule udongo ulikuwa umeteremka ukameza njia ya juu,
na hatukujua kama alivuka, wala kama yupo.
Nikaacha tupu.
Nikauliza: nani uzito wake ni sawa na tupu?
Hakutoka mtu.
Tupu hailingani na kitu, hata na tupu mwenziwe.
Usiulize kama ni *sawa na* tupu;
uliza kama *ni* tupu.
Nikauliza hivyo, akatoka, peke yake,
jina, namba, na pengo.
(Alikuja Juni. Alikuwa kwa dadake, Kapchorwa.)

Jana kaja kijana wa Wepukhulu.
Baba tumemzika Jumamosi, akasema,
mtoeni kitabuni.
Nikaandika *futa*, safari hii na *ambapo* yake.
Mashine ikakataa.
Nikarudia. Ikakataa tena, kwa adabu ile ile:
huyu bado anatajwa kwingine.
Magunia kumi na manne yalikuwa yanamshika namba.

Ipo njia ya kumfuta pamoja na magunia yake.
Naijua. Ni maneno mawili tu.
Nikamgeuzia kijana skrini aone mwenyewe.
Akasoma polepole, tarehe kwa tarehe, midomo ikicheza,
akaweka kidole kwenye mstari wa tisa:

“Hili nililibeba mimi. Mvua ilikuwa inanyesha.”

Nikatazama jedwali, kushoto hadi kulia.
Nimeweka safu ya uzito, ya bei, ya unyevu wa buni.
Ya aliyebeba sikuweka.