Sekunde Mbili

Dukani, Mtaa wa Aggrey, kilikaa nyuma ya kioo,
cheusi, chembamba kama daftari la leja,
na bei yake haikuona haya: laki nne na nusu.
Tasnim wa kaunta alinivisha hedifoni bila kuniuliza.
Nikamsikia mpiga udi akivuta pumzi
kabla kidole hakijagusa waya.
Nikavua. Nikashukuru. Nikatoka na kadi ya duka.

Kazi yangu mimi ni masikio.
Naandika mienendo ya mashauri kutoka kwenye rekodi:
wakili ananguruma, karani anaburuta kiti,
na shahidi, aliyeketishwa mbali na maikrofoni,
anasema lile neno moja lenye kesi ndani yake
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Simu peke yake haimfikishi.

Kaka yangu Pazi akasema, "Nunua. Uumie mara moja, ulale."
Mimi nilikuwa nimeshachora saketi
nyuma ya risiti ya LUKU.

Nikaenda Gerezani kwa Kibwana,
anayefungua redio zilizokufa kama mtu anayechambua mchele:
kinachofaa huku, mawe kule.
Rezista alinihesabia kutoka kopo la dawa ya kikohozi.
Transfoma aliipima kiganjani, akatikisa kichwa,
akachukua nyingine. "Hii ina shaba. Ile ina maneno."
Kapasita nikataka kubwa, kubwa kuliko mchoro ulivyodai.
"Za nini zote hizi?" Sikuwa na jibu.
Nilizipenda tu, zilivyosimama kama matangi ya maji ya Keko.

Usiku wa kwanza nililehemu kidole.
Wa pili nikaunga hasi kwenye chanya:
mlio mmoja, moshi, na paka wa Mama Chausiku
hajakanyaga kizingiti changu tangu siku hiyo.
Wa tatu umeme ulikatika mapema
nikawatupia TANESCO lawama za usiku wote mitatu.
Transista mbili. Kisha nyingine mbili.
Pasi ya kulehemu ikafa, nikanunua pasi.

Kwa kasha nilitoboa kopo la biskuti za Idi.
Mpaka leo likipata moto linanukia iliki.

Nikawasha. Nikavaa.
Mmmmmmm.
Nikasogeza transfoma vidole viwili, mvumo ukapungua.
Nikaigeuza ubavu, ukapungua tena.
Nikafunga ethi upya, nikakwangua rangi chini ya skrubu,
na bado, mbali, mmmm.
Saa nane usiku nikavua hedifoni kwa hasira:
mvumo ukabaki palepale, chumbani.
Lilikuwa friza la Mama Chausiku, ukutani,
likigandisha barafu za ubuyu za watoto wa shule.

Nisidanganye. Nilipiga hesabu kwa kalamu nyekundu:
nauli, pasi mbili, vilivyoungua, na soda za Kibwana.
Laki nne, elfu themanini na mia tano.
Pazi alicheka mpaka akakaa chini,
kisha mwisho wa mwezi akaenda Mtaa wa Aggrey
akajinunulia kile cheusi.

Tukaviweka mezani, ubavu kwa ubavu.
Chake kilikuwa safi zaidi. Ndiyo, naandika hivyo,
nami ni mtu wa kuandika kilichosemwa.
Tukakipa kila kimoja sauti ya yule shahidi,
hedifoni zangu kwangu, zake kwake,
na hapo hapo umeme wa Keko ukaondoka.

Chake kilikata. Tk. Kama mlango wa benki.
Changu hakikuwa na taarifa.
Zile kapasita, kubwa bila sababu,
zilikuwa zimeweka akiba kidogo,
na gizani, sekunde moja, sekunde mbili,
shahidi aliendelea, akififia, bila haraka:
"Sikumuona, mheshimiwa.
Nilimsiki