Mtulinga

Miaka kumi na tisa nimepima mabega ya watu
kwa utepe, hapa Majengo,
mlango wa tatu kutoka kwa Ndesario wa bucha,
na sikuwahi kujua kwamba bega linaning'inia,
kwamba kuna kimfupa kama mpini wa mwiko
kinachotoka chini ya koo kulishikilia.
Mtulinga. Neno nililijua.
Mfupa wenyewe nilikuwa naufunika kwa kitambaa.

Sasa nauchora. Daftari la hesabu, la miraba,
penseli naichonga kwa wembe wa kufumulia mishono.
Ukurasa wa kwanza: mkono wangu wa kushoto.
Ukurasa wa pili: mkono wangu wa kushoto.
Kwenye wa tisa mwanangu Eliaichi akachungulia:
"Mama, hizi ndizi mshale?"

Nikaenda kwa Ndesario. Nipe mguu wa mbuzi,
si wa supu.
"Sasa wa nini?"
Wa kuutazama.
Akacheka, akaulaza juu ya gogo,
akavuta kano moja kwa ncha ya kisu
na ukwato ukajikunja wenyewe, mnyama hayupo.
Pale ndipo nilipoelewa mkono wangu umeshonwa vipi:
nyuzi zote ziko upande wa ndani.

Wateja wakiliona daftari husema nina kipaji.
Ninacho. Kipo hapa, juu ya macho,
mfupa mgumu, nimeuchora mara thelathini
na nyusi bado zinaniangukia puani.

Asubuhi, kabla ya kufungua, ni zamu ya rangi.
Boksi la sabuni nalikata vipande
vya ukubwa wa kitambulisho cha kura, visizidi hapo;
karatasi kubwa hunifanya niseme uongo.
Nakaa kwenye ukingo wa mfereji, upande wa Njoro,
nusu saa: maji, jiwe, kivuli cha jiwe.
Kijani nilidhani ni kimoja, kama kitambaa cha sare.
Mgomba peke yake una vinne,
na jani lililopenywa na jua
linakaribia kiini cha yai la kienyeji.

Wapita njia wanainama, wanatafuta.
"Mlima uko wapi?"
Upo. Uko mgongoni kwangu, umejifunua wote leo,
nausikia kama mteja aliyesimama mlangoni
akikohoa ili nigeuke.
Sigeuki. Kila ukuta wa hoteli mji huu
una pembetatu yenye kofia nyeupe.
Mimi sijafika huko. Niko kwenye jiwe.

Jana Mama Ndeanka alikuja kujaribu gauni,
Jumapili bintiye anapata kipaimara.
Bega lake la kulia liko chini kwa upana wa kidole:
mikungu ya ndizi, miaka.
Zamani ningetia sponji, nikalidanganya lilingane na mwenzake.
Safari hii nilikata kulifuata.
Alijitazama kwenye kioo, hakusema kitu,
akapapasa pale, palepale,
kama mtu anayetafuta kifungo gizani.

Kidole gumba kimenishinda tena.
Ukurasa wa sitini na nne.