Simu ya Mzee Villu

Kibali kimekunjwa mara nne mfukoni,
kina saini ya mkurugenzi na muhuri uliopinda.
Bila karatasi hiyo mimi ni mwizi tu
mwenye simu kuukuu, kioo kimepasuka pembeni.

Tartu, Januari. Saa kumi jioni na giza limeshatanda.
Nakung'uta theluji viatuni mlangoni mwa hospitali,
nampa mkono Taivo, fundi wa mitambo,
mtu asiyependa kukaguliwa.
"Mtandao wetu," anasema, "ni ukuta wa mawe."
Sijibu. Kuta zina masikio, tuliambiwa;
hatukuambiwa kwamba siku moja zitaota midomo.

Natembea polepole kama mgeni aliyepotea wodi.
Simu yangu haivunji kitu, inatega sikio tu,
na hewa, lo, hewa imejaa makelele!
Kila simu iliyolala mfukoni huzinduka kidogo
ikaita majina ya mitandao iliyowahi kuikaribisha:
Upo, Nyumbani? Upo, Mkahawa wa Kona?
Upo, Sauna ya Ziwani?
Haijui kunong'ona. Haijui haya.
Kijana mwenye mguu wa plasta, simu yake inalilia hosteli ya Riga.
Muuguzi Ülle, uso mkavu kama mkate wa juzi,
simu yake inaita jina la mwanamume, na mwaka.
Nageuza macho. Sikuajiriwa kusoma mioyo.

Niliajiriwa kwa hili: ghorofa ya tatu,
mtandao wa pampu zinazodondosha dawa mishipani.
Taivo ameuficha jina,
akadhani kuficha jina ni kufunga mlango.
Najaribu nywila mara moja: jina la hospitali,
na mwaka lilipozinduliwa jengo jipya.
Umefunguka.
Naondoa kidole. Kibali changu kinaishia hapo.
Nyuma ya kioo bibi mmoja amelala, tone, tone,
na kati ya tone na tone nimesimama mimi,
na yeyote mwenye simu kama hii
asiye na karatasi mfukoni.

Nikiwa naondoka, sauti moja zaidi,
dhaifu, kutoka droo ya meza ya wauguzi:
Villu na Asta. Villu na Asta. Upo?
"Ya mzee Villu," anasema Ülle. "Alitutoka Novemba.
Mkewe atakuja kuichukua barabara zikiyeyuka."
Waya wa chaji umepenya kwenye ufa wa droo.
"Mbona unaichaji?"
"Sijui. Naona vibaya kuiacha izimike.
Yule mzee hakuwahi kufunga hata mlango wa nyumba."

Hapo ndipo ilipo hatari yote, na ndiyo kazi yangu:
simu huamini jina, haiulizi uso.
Ningejiita Villu na Asta kwa kugusa mara mbili
ingenikimbilia kifuani kama mtoto aliyeona mlango wao.
Dole gumba lilikaa juu ya kioo
muda mrefu kuliko inavyopasa fundi.

Ripoti niliiandika usiku, kurasa kumi na moja.
Pampu: hatari kubwa, badilisheni leo, si kesho.
Taivo alinijibu kwa neno moja, bila salamu.
Droo: kifaa kimoja, kinaita.
Hakijajibiwa.